Kamikatsu: Mji Usio na Gari la Taka

Sisi tunaoishi Japani huijua kalenda ya taka kabla hatujajua njia ya sokoni. Ukienda ofisi ya mtaa kuandikisha anwani yako, unarudi nayo mkononi: siku za taka za kuungua, siku ya plastiki, siku ya chupa na makopo. Asubuhi gari linapita, na mfuko uliochanganywa unaachwa pale pale ukiwa umebandikwa karatasi ya onyo. Wengi wetu tunadhani hapo ndipo ukali wa Wajapani ulipoishia. Lakini upo mji katika nchi hii hii ambako gari la taka halipiti siku yoyote, na ambako wenyeji, wengi wao wazee, hupeleka taka zao wenyewe na kuzigawa mafungu zaidi ya 40.

Mji huo unaitwa Kamikatsu. Wageni kutoka nchi nyingi huenda kuutazama, na waandishi huusifu kama kwamba wakazi wake waliumbwa na udongo tofauti na wetu. Tumeuchagua kwa toleo hili kwa sababu nyingine. Ukifuata historia yake unaona kwamba chanzo cha mambo yake kilikuwa ukata. Karibu kila kinachosifiwa Kamikatsu leo kilizaliwa pale ambapo njia ya kawaida iliwashinda wenyeji kwa kukosa fedha, au kwa kukosa watu.

Mahali penyewe

Japani ina visiwa vikubwa vinne, na Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Upande wake wa mashariki uko mkoa wa Tokushima. Ukitoka mji mkuu wa mkoa kwa gari na kuufuata mto Katsuura kuelekea milimani, baada ya saa moja hivi unafika Kamikatsu. Jina lenyewe linaeleza mahali, kwa maana "kami" ni juu: mji uko upande wa juu wa mto.

Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 110, na karibu asilimia 90 ya eneo hilo ni msitu. Tunapouita mji, msomaji asifikirie barabara pana na maduka yaliyopangana. Ni vitongoji 55 vilivyotawanyika kwenye miteremko, baadhi karibu na mto, vingine mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyezaliwa Lushoto au Taita atauelewa mara moja: nyumba ya jirani unaiona kwa macho ng'ambo ya bonde, lakini kuifikia ni kushuka na kupanda.

Mji huu kiserikali uliundwa mwaka 1955, vijiji viwili, Fukuhara na Takahoko, vilipounganishwa. Wakati huo wakazi walizidi 6,000. Leo hawafiki 1,500, na zaidi ya nusu yao wamepita umri wa miaka 65. Katika Shikoku nzima hakuna mji wenye watu wachache kuliko huu.

Mbao, machenza, na baridi ya 1981

Watu walikwenda wapi? Jibu la kwanza liko msituni. Baada ya vita vya pili vya dunia Japani ilihitaji mbao kwa ujenzi, na milima mingi ikapandwa mierezi ya aina wanayoiita sugi. Mti huo huchukua miongo kadhaa kukomaa. Kabla mingi haijakomaa, mbao za bei nafuu kutoka nje zilianza kuingia nchini, hasa kuanzia miaka ya 1960, na bei ya miti ya milimani ikaporomoka. Vijana wakashuka kwenda Tokushima, Osaka na kwingineko kulikokuwa na viwanda. Mierezi ilibaki imesimama, na mpaka leo ukiingia milimani humo unaikuta imesongamana kwa sababu haikupata wa kuipunguza.

Nguzo ya pili ilikuwa machenza, ambayo hapa huitwa mikan. Miteremko inayopata jua ilifaa, na familia nyingi ziliishi kwa zao hilo. Mwezi wa Februari mwaka 1981 ikaja baridi ambayo wazee bado wanaitaja. Karibu michenza yote ya mji ilikauka kwa baridi hiyo. Mchenza hauzai mwaka unaopandwa, kwa hiyo mtu wa miaka sitini aliyepoteza shamba hakuwa na muda wa kungoja. Wengine walihamia kwenye mboga za muda mfupi, wengine wakaondoka kabisa.

Jani kwenye sahani

Miaka miwili kabla ya baridi hiyo alikuwa amefika mjini kijana wa miaka 20 kutoka jiji la Tokushima, Tomoji Yokoishi, aliyeajiriwa na chama cha ushirika kuwashauri wakulima. Kazi yake baada ya 1981 ilikuwa kutafuta kitu cha kulima ambacho mikono ya wazee ingekiweza. Kisa anachokisimulia mwenyewe katika kitabu chake ni cha mwaka 1986. Alikuwa katika mkahawa wa sushi mjini Osaka, akawaona wasichana wakilifurahia jani jekundu lililopamba sahani yao, na mmoja akalifunga kwenye leso aende nalo. Yokoishi akawaza kwamba majani kama hayo kwao yamejaa mlima mzima.

Wapishi wa Japani wana desturi ya kupamba chakula kwa majani na maua ya majira yake. Mapema mwakani huwekwa ua la mti wa ume, na siku za majani kupukutika huwekwa jani la momiji lililogeuka jekundu. Kwa hiyo soko lilikuwepo, ila hakuna aliyedhani ni zao la kuuza. Alipowaeleza wenyeji walimcheka. Majani ni kitu cha kuokota. Mtu mwenye heshima zake atauzaje takataka za mlimani? Waliokubali mwanzoni walikuwa wachache, na majani yao ya kwanza hayakupata bei, kwani hawakujua mpishi anataka ukubwa gani, rangi gani, wala siku gani. Ikabidi Yokoishi aende kula katika mikahawa ya gharama, kwa fedha za mfuko wake, ajifunze jani linavyokaa kwenye sahani.

Biashara hiyo ilipewa jina Irodori, yaani kupamba kwa rangi, na mwaka 1999 ikaundiwa kampuni. Leo inauza aina zaidi ya 300 za majani na maua, na katika miaka mizuri mauzo yalivuka yeni milioni 200. Wakulima wengi ni akina mama wa miaka sabini na kuendelea. Jani ni jepesi, halihitaji jembe wala mgongo wenye nguvu. Linahitaji jicho la kuchagua na mkono wa kupanga, na mama mzee vyote viwili anavyo.

Jambo linalotuvutia zaidi ni namna oda zinavyogawanywa. Zamani zilitumwa kwa faksi, kwa kutumia mtambo uliowekwa wa kutahadharisha watu juu ya maafa. Baadaye zikaja kompyuta zilizorahisishwa kwa ajili ya wazee, kisha tableti. Asubuhi oda inatokea kwenye skrini: masanduku kadhaa ya jani fulani yanatakiwa leo. Wa kwanza kubonyeza ndiye anayeipata. Tena kila mkulima anaweza kuona mauzo yake yamemweka nafasi ya ngapi. Kwa hiyo utakuta bibi wa miaka themanini kashika tableti mapema asubuhi, anasoma bei za soko la jana na kuamua achume nini. Tuliozoea kuwafundisha bibi zetu kupokea simu ya video tuna la kujifunza hapo: mzee hushika teknolojia upesi ikiwa ina faida yake mwenyewe ndani.

Kwa nini mafungu mengi hivyo

Sasa turudi kwenye taka. Kamikatsu haijawahi kuwa na gari la kuzikusanya. Nyumba zimetawanyika mno na hazina ya mji ni ndogo. Kwa miaka mingi watu walichoma taka zao nyumbani au kwenye uwanja wa wazi wa mji, kama inavyofanyika mpaka leo katika sehemu nyingi za kwetu. Mkoa ulipowataka waache, mji ulinunua majiko mawili madogo ya kuteketezea taka. Lakini Japani ilitunga sheria kali dhidi ya dayoksini, sumu inayotoka katika moshi wa plastiki inapochomwa ovyo, na majiko hayo hayakufikia kiwango. Mwanzoni mwa mwaka 2001 yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Mji ukabaki na taka bila jiko, na bila fedha za kujenga jiko kubwa. Kupeleka kila kitu kikateketezwe mji mwingine kulikuwa na gharama yake. Wakapiga hesabu: kila kitu ambacho mtu fulani yuko tayari kukichukua na kukitumia tena, kitengwe. Kadiri mafungu yanavyokuwa safi, ndivyo gharama inavyopungua, na mengine huleta fedha. Hivyo wakafikia mafungu zaidi ya 30, na baadaye 45. Tarehe 19 Septemba 2003 mji ukatangaza azma ya kutoteketeza wala kufukia taka ifikapo 2020. Ulikuwa wa kwanza Japani kutoa tangazo la aina hiyo.

Kituo cha taka hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa nane mchana. Magazeti yana pahala pake, maboksi pahala pake, na paketi za maziwa zenye karatasi ya fedha ndani hazikai na zile zisizo nayo. Balbu, betri, vioo, mafuta ya kupikia yaliyotumika, nguo, kila kimoja na chombo chake. Juu ya kila fungu kuna kibao kinachoeleza kitu hicho kinapelekwa wapi, kinageuzwa kuwa nini, na kila kilo inaugharimu mji yeni ngapi au inauingizia yeni ngapi. Kibao hicho ndicho mwalimu. Mtu anayejua kwamba chupa chafu inaigharimu hazina ya mji wake hahitaji kuhubiriwa.

Mabaki ya chakula hayafiki kituoni. Mji uliwasaidia wakazi kununua vyombo vya kuyageuza mboji, kwa hiyo yanaishia shambani au bustanini. Wazee wasioweza kuendesha gari hufuatwa nyumbani. Na kwa wanaotenga vizuri zipo pointi za kubadilishana na zawadi, ambazo jina lake limetoka katika methali ya Kijapani isemayo kwamba hata vumbi likirundikana huwa mlima. Msomaji wetu hahitaji tafsiri: haba na haba hujaza kibaba.

Kando ya mafungu kuna duka lisilo na fedha, Kurukuru, lililofunguliwa mwaka 2006. Mkazi analeta sahani, kabati, nguo ya mtoto aliyekua. Yeyote, hata mgeni, anaweza kuchukua bure. Anachoombwa ni kupima uzito na kuuandika, ili ijulikane ni kilo ngapi zimeokolewa. Mwaka 2020 kituo chote kilijengwa upya. Kuta zake zimejaa mamia ya madirisha ya zamani yaliyotolewa na wenyeji, na ukilitazama jengo kutoka angani lina umbo la alama ya kuuliza. Ndani yake kuna hoteli ndogo ambako mgeni hukata kipande cha sabuni kinachomtosha tu, na kesho yake hupeleka taka zake mwenyewe kwenye mafungu.

Chai, mpunga na baraza

Usidhani maisha ya Kamikatsu ni majani na taka tu. Kila majira ya joto, akina mama na akina baba huchuma chai inayoitwa Awa bancha. Tofauti na chai ya kijani ya kawaida, wao hungoja jani likomae. Hulichemsha, hulisugua, hulishindilia katika pipa na kuliwekea mawe juu, likae bila hewa lichachuke, kisha huanikwa juani. Inatoka chai yenye uchachu mwepesi ambao haufanani na chai yoyote tunayoijua. Utaalamu wa kuitengeneza uliingizwa na serikali katika orodha ya urithi wa taifa mwaka 2021. Kila nyumba ina mkono wake, na ladha ya pipa la mama huyu si ladha ya pipa la jirani yake.

Katika kitongoji cha Kashihara kuna mashamba ya mpunga ya ngazi, vipande vidogo vilivyopandana mlimani kwa kufuata umbo la ardhi. Mwaka 1999 yalihesabiwa miongoni mwa mashamba 100 bora ya aina hiyo Japani. Ngazi hizo hazilimiki kwa trekta kubwa, kwa hiyo uhai wake unategemea mikono, na mikono inapungua.

Na kituo cha taka chenyewe kimekuwa kama baraza. Katika mji ambao nyumba zimetengana kwa mabonde, ndipo watu wanapokutana. Bibi ambaye hajaonekana kwa siku kadhaa huulizwa. Mtumishi wa kituo anajua nani kafiwa, nani kapata mjukuu, nani mkono unamuuma asiweze kufunga magazeti yake kwa kamba. Sisi tuliolelewa kwenye mabaraza tunajua kazi ya mahali kama hapo.

Yaliyobaki

Tungeishia hapa, makala ingekuwa tangazo la utalii. Mwaka 2020 ulifika na lengo halikutimia. Kamikatsu hurejeleza asilimia 80 hivi ya taka zake, wakati wastani wa Japani ni asilimia 20 hivi. Lakini ile sehemu iliyobaki imegoma. Ni nepi, ni viatu vilivyounganishwa ngozi na mpira kwa gundi, ni vitu vya plastiki iliyochanganywa na madini. Hata bibi mwenye subira kuliko wote hawezi kutenganisha kilichoundwa kiwandani ili kisitenganike. Mji uligundua kwamba mwisho wa uwezo wa raia ndio mwanzo wa wajibu wa mwenye kiwanda. Mwishoni mwa mwaka huo ukatoa azimio jipya la kufikia 2030, lenye kutilia mkazo kulea watu watakaoyaona mazingira ya watoto wa kesho kuwa jambo lao wenyewe.

Biashara ya majani nayo ina udhaifu. Ilipokuja korona, mikahawa ya miji mikubwa ilifungwa, na asiyekula mkahawani hanunui jani. Wachumaji wenyewe wanazeeka. Wapo vijana kutoka mijini wanaohamia, wengine wakianza kwa kujifunza kazi katika Irodori, wengine wakafungua biashara zao, na tangu 2015 mji una hata kiwanda kidogo cha bia. Hata hivyo wanaokufa na kuondoka ni wengi kuliko wanaozaliwa na kuingia. Mji una shule ya msingi na ya kati, lakini hauna sekondari ya juu. Mtoto akifika miaka 15 hana budi kushuka mjini kusoma, na wengi wakishashuka hawapandi tena. Umaarufu wote wa dunia haujaziba tundu hilo.

Sisi na Kamikatsu

Wapo wasomaji watakaosema hayo ni ya Wajapani, sisi yanatuhusu nini. Tunawakumbusha kwamba neno ambalo Wajapani hulitumia kwa uchungu wa kuona kitu kikipotea bure, "mottainai", lilitangazwa duniani na Mkenya. Wangari Maathai alilisikia alipozuru Japani mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kupokea Nobeli, akalipenda na kulibeba mpaka kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa. Alilielewa upesi kwa sababu maana yake ilikuwa kwao tayari. Sisi tunayo israfu, neno tulilokatazwa nalo tangu utotoni tulipomwaga wali. Tunao mafundi waliogeuza kopo la maziwa kuwa koroboi na tairi kuwa katambuga. Rwanda, Kenya na Tanzania zimepiga marufuku mifuko ya plastiki, hatua ambayo Japani yenyewe haijafika. Hapa mfuko unalipiwa tu.

Kwa hiyo tukirudi nyumbani tusibebe idadi ya mafungu. Halmashauri ikinunua mapipa 45 ya rangi mbalimbali na kuyapanga sokoni, baada ya mwezi yatakuwa yamejaa mchanganyiko. Tubebe kile kibao cha bei. Kamikatsu walianza kwa kumweleza kila mkazi, kwa lugha ya fedha, taka yake inakwenda wapi na nani anailipia. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa analipa ada ya taka, lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuambiwa lile gari likishakunja kona linakwenda wapi?

Kwa wanachama wanaotaka kwenda kuona kwa macho yao: mabasi ya kufika huko ni machache, kwa hiyo ni afadhali watu wanne wachangie gari kutoka Tokushima. Majira ya joto utakuta chai inaanikwa, na Novemba momiji zimewiva. Chukueni maji yenu katika chupa za kujaza tena, na msinunue vitafunio vingi njiani. Kila karatasi mtakayoingia nayo mjini, mtaulizwa fungu lake.